Mbu, Mdudu na Degedege: Kiswahili katika Historia ya Utafiti wa Malaria Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya utafiti wa malaria Afrika Mashariki tangu mwaka 1897 hadi miaka ya karibuni, yakijikita katika nyanja tatu zilizokutana kwenye chandarua: tiba, elimu ya wadudu na tabia ya mnunuzi. Hoja kuu ni kwamba maneno ya wanajamii yalikuwa sehemu ya ushahidi tangu mwanzo, lakini kwa muda mrefu yalichukuliwa kuwa chombo cha kupelekea ujumbe tu baada ya utafiti kukamilika. Mifano inatoka Usambara, Muheza, Bagamoyo, Kilifi, Kilombero na magharibi mwa Kenya. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo manne kwa watafiti na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1897 daktari Mjerumani Robert Koch aliwasili katika koloni lililoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Miongoni mwa mambo aliyoyaandika baada ya ziara hiyo ni taarifa fupi kuhusu wenyeji wa milima ya Usambara. Watu hao walikuwa wakiugua homa kila waliposhuka tambarare. Homa hiyo waliiita mbu, na walipoulizwa wameipata wapi, walieleza kwamba huko chini kuna wadudu wanaouma, nao huitwa mbu. Maradhi na mdudu vilibeba jina moja.

Mwaka huohuo wa 1897, mwezi Agosti, Ronald Ross aliona vimelea vya malaria katika tumbo la mbu huko Secunderabad, India. Mwaka uliofuata alionyesha jinsi mbu wanavyoeneza malaria ya ndege, na watafiti wa Italia, akiwamo Giovanni Battista Grassi, wakathibitisha kwamba binadamu huambukizwa na mbu wa jenasi ya Anopheles. Hata neno malaria lenyewe, ambalo kwa asili ya Kiitaliano lina maana ya hewa mbaya, lilikuwa limebeba nadharia ambayo uvumbuzi huo uliibatilisha. Kwa kipimo hicho, jina la Wasambara lilikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko jina la kitaalamu.

Hata hivyo, tusivuke mpaka wa ushahidi. Kuita vitu viwili kwa jina moja hakuthibitishi kwamba kimoja husababisha kingine, na lugha nyingi hutumia jina la kitu kimoja kwa kingine kilicho jirani nacho. Wasambara walikuwa na dhanatete yenye nguvu, na ilihitajika hadubini ili kuithibitisha. Jambo linalotuhusu ni kwamba dhanatete hiyo ilikuwa imehifadhiwa katika msamiati, na mtafiti aliyetaka kuipata alilazimika kuuliza na kusikiliza.

Makala haya yanauliza swali moja: katika miaka zaidi ya 100 iliyofuata, utafiti wa malaria katika eneo letu uliyapa maneno ya watu nafasi gani? Swali hili si la kinadharia tu. Malaria imeua watoto wengi mno katika eneo hili, na kila kampeni ya kuizuia imeendeshwa, kwa sehemu kubwa, kwa Kiswahili.

2.0 Amani na Muheza: Mbu Achunguzwa

Taasisi ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika milima hiyohiyo ya Usambara, ilianza kama kituo cha biolojia na kilimo. Katika miaka ya 1950 ilikuwa imegeuka kuwa makao ya utafiti wa malaria kwa nchi tatu zilizokuwa chini ya Uingereza: Kenya, Uganda na Tanganyika. Chini ya mlima, katika vijiji vya Muheza, Michael Gillies alikamata mbu, akawatia alama, akawaachia na kuwakamata tena ili kujua wanaishi siku ngapi na wanaruka umbali gani. Umri wa mbu una uzito mkubwa katika elimu hii, kwa kuwa kimelea huhitaji siku kadhaa kukomaa ndani ya mwili wake. Mbu anayekufa mapema hawezi kumwambukiza mtu.

Wakati huo ulifanyika pia mradi wa Pare-Taveta uliovuka mpaka wa Kenya na Tanganyika. Kati ya mwaka 1955 na 1959 nyumba za eneo hilo zilipuliziwa kiuatilifu cha dieldrini. Anopheles funestus, mbu aliyezoea kuuma na kupumzika ndani ya nyumba, alitoweka kwa muda, na jamaa yake, Anopheles rivulorum, akashika nafasi hiyo. Tokeo hilo liliwafunza wataalamu kwamba mbu si kundi moja lisilobadilika, na kwamba dawa inayomwondoa mmoja inaweza kumpa mwingine nafasi.

Katika lugha ya kila siku, hata hivyo, wote walibaki kuwa mbu. Kiswahili hakikuwa na sababu ya kutofautisha funestus na rivulorum, kwa kuwa mtu anayeumwa usiku hawezi kuwatenganisha. Ndipo pengo la kwanza lilipojitokeza: elimu ya wadudu ilizidi kupambanua, nayo lugha iliyotumika kuwaeleza wenye nyumba kwa nini kuta zao zinapuliziwa haikuongezewa maneno. Wanavijiji waliombwa wafungue milango na watoe vyombo nje. Elimu iliyopatikana nyumbani mwao iliandikwa kwa Kiingereza.

Mwaka 1987 utafiti mwingine wa Muheza, wa Jo Lines na wenzake, ulichapishwa. Walijaribu vyandarua vilivyotiwa permethrini katika vibanda maalumu vya majaribio na kuonyesha kwamba kiuatilifu huongeza kinga hata pale chandarua kinapokuwa na matundu. Chandarua cha kale kilikuwa ukuta wa kitambaa; chandarua kipya kikawa ukuta unaoua. Neno lenyewe lilifika pwani kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, na lina ndugu katika Kigujarati, chandarvo, yaani kitambaa kinachotandwa juu kama dari. Kwa vizazi vingi chandarua kilikuwa dalili ya nyumba yenye uwezo. Sasa kiligeuka kuwa kifaa cha afya ya umma, na swali likawa namna ya kukifikisha katika nyumba isiyokuwa na uwezo.

3.0 Bagamoyo: Maradhi Mamoja, Majina Mengi

Mapema katika miaka ya 1990, mradi wa vyandarua wa Bagamoyo uliwaweka wataalamu wa vimelea na wa wadudu pamoja na watafiti wa utamaduni. Kwa maoni yangu, kazi ya Winch, Makemba na wenzao ndiyo hatua muhimu kuliko zote katika historia hii, ingawa wanaisimu wa Kiswahili hawaitaji mara nyingi.

Watafiti hao waligundua kwamba maradhi ambayo daktari huyaweka chini ya jina moja, malaria, wanajamii waliyagawa katika majina kadhaa. Homa ya malaria ilifahamika, na wengi waliihusisha na mbu. Ilionekana kuwa ugonjwa wa kawaida, wa kutibiwa kwa vidonge. Malaria kali inayompanda mtoto kichwani na kumtia mtukutiko iliitwa degedege. Wahojiwa wengi hawakuiona degedege kuwa tokeo la malaria. Waliieleza kuwa kazi ya pepo wa pwani anayechukua umbo la ndege na kumwangushia mtoto kivuli usiku wa mbalamwezi. Ugonjwa wa namna hiyo haukuzuiliwa kwa kitambaa, na mara nyingi safari ya tiba ilianzia kwa mganga.

Hapa mfano wa Usambara unageuka kinyume. Kule jina moja liliunganisha vitu viwili vinavyohusiana; huku majina mawili yalitenganisha hatua mbili za ugonjwa mmoja. Mama aliyesikia tangazo kwamba chandarua huzuia malaria alielewa kwamba kinazuia homa ndogo. Ugonjwa uliomtisha, ule uuao, ulikuwa na jina jingine, na tangazo halikulitaja. Ujumbe ulikuwa sahihi kisayansi na fasaha kisarufi, lakini ulilikosa jambo ambalo mama alilihofia.

Watafiti hao walibaini pia suala la majira. Watu walitumia chandarua zaidi wakati wa mvua, mbu walipokuwa wengi na kero kubwa. Wakati wa kiangazi mbu walipungua na vyandarua vikakunjwa, ilhali maambukizo yaliendelea. Mnunuzi alinunua usingizi mtulivu. Mtaalamu alidhani anauza kinga ya malaria. Bidhaa ilikuwa moja, na sababu za kuitumia mbili.

4.0 Kilifi na Kilombero: Chandarua Chaingia Sokoni

Ushahidi wa tiba ulifika upesi. Jaribio kubwa la Kilifi, Kenya, lililofanyika kati ya mwaka 1993 na 1995 na kuchapishwa mwaka 1996, lilionyesha kwamba vyandarua vyenye kiuatilifu vilipunguza vifo vya watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 59 kwa asilimia 33. Baada ya hapo suala halikuwa tena kama chandarua kinaokoa maisha. Suala likawa nani atalipa, na nani atashawishika kukitumia.

Katika bonde la Kilombero watafiti wa Ifakara walichagua njia ya soko. Mradi wa KINET, ulioanza mwaka 1996 katika wilaya za Kilombero na Ulanga, uliuza vyandarua na kiuatilifu kupitia maduka na mawakala wa vijijini kwa bei iliyopunguzwa, ukatumia mbinu za matangazo ya biashara, na kuwapa wajawazito na akina mama wenye watoto wadogo hati za punguzo kupitia kliniki. Kabla ya kuanza kuuza, watafiti walichunguza maarifa na msamiati wa wenyeji, na bidhaa ikapewa jina la Zuia Mbu.

Jina hilo linastahili kuchambuliwa. Lingeweza kuwa Zuia Malaria, na kwa mtazamo wa daktari hilo ndilo lengo. Kwa kumtaja mbu, bidhaa ilijifunga na ahadi ambayo mtumiaji aliweza kuithibitisha usiku wa kwanza. Pia ilikwepa mtego wa Bagamoyo, kwa sababu haikumlazimisha mama kuamua kwanza kama degedege ni malaria au si malaria. Kitenzi kimetumika katika hali ya kuamuru, kifupi, silabi chache, rahisi kutamkwa dukani. Katika miaka mitatu idadi ya watoto wachanga waliolala katika chandarua kilichotiwa dawa ilipanda kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya asilimia 50. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2001 ilihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Haiwezekani kupima mchango wa jina peke yake, na sidai hivyo. Ninachodai ni kwamba katika mradi huu uchunguzi wa lugha ulitangulia uuzaji.

5.0 Bei, Thamani na Mjadala wa Bure

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Historia ya chandarua imeupima usemi huu kwa namna ambayo methali chache zimewahi kupimwa. Mwaka 2004 Tanzania ilianza kueneza mpango wa hati za punguzo nchini kote kwa jina la Hati Punguzo: mjamzito alipata hati kliniki, akaenda nayo dukani na kuongeza fedha kidogo. Mpango ulijenga mtandao wa maduka hadi vijijini, lakini tathmini zilionyesha kwamba wanawake maskini zaidi ndio walioshindwa mara nyingi kuitumia hati. Kiasi kilichoitwa kidogo hakikuwa kidogo kwa kila mtu.

Upande wa Kenya, mwaka 2006 serikali iligawa vyandarua bure kwa wingi. Utafiti uliofuatilia watoto katika wilaya nne ulionyesha kwamba matumizi ya vyandarua vyenye dawa yalipanda kutoka takriban asilimia 7 mwaka 2004 hadi takriban asilimia 67 baada ya ugawaji huo, na tofauti kati ya matajiri na maskini ikapungua sana.

Bado wapo walioamini kwamba cha bure hakithaminiwi. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walilijaribu dai hili katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2010. Bei iliwekwa kwa bahati nasibu, kuanzia bure hadi shilingi 40 za Kenya. Kupanda kutoka bure hadi shilingi 40 kulipunguza waliochukua chandarua kwa pointi 60 za asilimia. Muhimu zaidi, waliopata bure hawakukitumia kwa kiwango cha chini kuliko walionunua. Utafiti mwingine wa Dupas, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba waliopata chandarua cha kwanza kwa bei ya chini walikuwa tayari zaidi kulipia cha pili baadaye.

Kiswahili kina semi za pande zote mbili za mjadala huu. Anayesema vya bure ghali na anayesema kutoa ni moyo wote wana wahenga wa kuwaunga mkono. Methali huhifadhi busara ya jumla, lakini haziwezi kuamua sera ya bei, na mshauri wa sera anayenukuu moja ili kumaliza mjadala anaitwisha lugha mzigo usio wake.

6.0 Maneno ya Hojaji: Mdudu, Dawa na Usiku

Takwimu zote zilizotajwa hapo juu, zile za matumizi hasa, zilitegemea majibu au uchunguzi uliopitia lugha. Kwa hiyo ni lazima tuyaangalie maneno yenyewe. Nitatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni mdudu. Katika elimu ya viumbe, mdudu ni mbu, nzi au nyuki. Katika zahanati za Tanzania, mgonjwa anayepimwa damu huambiwa ana wadudu wawili au watatu, na hapo mdudu ni kimelea. Tangazo linalosema dawa hii inaua wadudu wa malaria linaweza kufahamika kwa njia mbili: inaua mbu, au inaua vimelea vilivyomo mwilini. Nyanja mbili za utafiti, tiba na elimu ya wadudu, zimekutana katika neno moja bila kujua.

Wa pili ni dawa. Dawa hutibu, hulinda, huua, hung'arisha viatu na husafisha meno. Chandarua chenye dawa ni istilahi fupi na nzuri, lakini haimwambii mtumiaji kama dawa hiyo ni ya kumtibu aliyelala au ya kumuua mbu, wala kama itamdhuru mtoto. Istilahi rasmi, chandarua chenye kiuatilifu cha muda mrefu, inaondoa utata huo, ila ni nzito, na wengi wanaihitaji ifafanuliwe.

Wa tatu, na pengine wenye athari kubwa zaidi kwa takwimu, ni usiku. Hojaji za kimataifa huuliza kama mtu alilala katika chandarua usiku uliopita. Katika hesabu ya asili ya Waswahili siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ilhali Ijumaa usiku hufahamika na wengi kuwa ni baada ya mchana huo. Mhojaji anayetafsiri swali kwa usiku wa jana anaweza kupata jibu la usiku mwingine. Kiswahili kina tamko lisilo na utata: usiku wa kuamkia leo. Kosa la namna hii halionekani katika jedwali la matokeo, na ndiyo maana ni la hatari.

7.0 Mbu Abadilika

Wakati wataalamu wa tabia wakimchunguza mnunuzi, mbu naye hakukaa kimya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutoka bonde la Kilombero ulionyesha kwamba baada ya vyandarua kuenea, sehemu ya kuumwa inayotokea nje ya nyumba iliongezeka. Usugu dhidi ya viuatilifu vya jamii ya piretroidi nao ulienea katika nchi zetu. Majibu ya kisayansi yalitafutwa tena katika ardhi hiihii: jaribio la Muleba, mkoani Kagera, lililochapishwa mwaka 2018, lilionyesha ubora wa vyandarua vilivyoongezewa kiambata cha kupunguza nguvu ya usugu, jaribio la Misungwi, mkoani Mwanza, lililochapishwa mwaka 2022, lilionyesha ubora wa vyandarua vinavyochanganya piretroidi na klofenapiri.

Kwa hiyo leo vyandarua vyenye dawa si vya aina moja, lakini jina lililofika kwa umma ni lilelile. Na neno usugu, ambalo wataalamu hulitumia kwa mbu asiyekufa kwa kiuatilifu na kwa kimelea kisichokufa kwa tiba, linaelekea kuurudia utata wa mdudu. Msikilizaji wa redio anayeambiwa kuna usugu wa dawa za malaria anahitaji kujua kama abadilishe chandarua au kidonge. Pengo lililoonekana Muheza katika miaka ya 1950 halijazibika.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia hii inaonyesha kwamba lugha iliweza kuongoza na pia kupotosha. Usambara ilimwelekeza mtafiti kwa mbu. Bagamoyo ilimficha mtoto mgonjwa nyuma ya jina jingine. Kilombero ilisaidia bidhaa kueleweka. Katika mifano yote mitatu, kilicholeta tofauti ni kama kuna mtu aliyeuliza maneno yana maana gani kwa wenyewe, na aliuliza lini.

Mapendekezo manne yanafuata. Kwanza, uchunguzi wa msamiati wa wenyeji uwe hatua ya awali ya kila utafiti wa afya unaotumia hojaji, wenye bajeti yake, badala ya kuachiwa mfasiri katika wiki ya mwisho. Pili, hojaji za Kiswahili zichapishwe pamoja na matokeo. Kwa sasa ripoti nyingi zinatupa tafsiri ya Kiingereza ya maneno ambayo hatuwezi tena kuyasikia. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki zishirikiane kusanifu istilahi chache zenye utata mkubwa, kwa kuanzia na mdudu, kimelea, kiuatilifu na usugu, na zijaribiwe kwa watumiaji kabla ya kutangazwa. Nne, matokeo yarudishwe kwa Kiswahili katika vijiji yalikopatikana.

Muheza, Kilifi na Kilombero zimetoa elimu iliyobadilisha sera za malaria duniani. Watu wa huko walitoa damu yao, vitanda vyao na majibu yao usiku hadi usiku. Kuwaandikia matokeo hayo kwa lugha waliyojibia si hisani. Ni deni, na wanaisimu wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika kulilipa.